Kujishusha kwa Msumeno

Jumapili, 10 Agosti

Siku kubwa! Mwalimu wetu wa darasa la Maandiko amehamia mji mwingine kwa mwanawe, na kiti chake kiko wazi. Nasema kiti kwa maana mbili. Kuna kiti cha cheo, na kuna kiti cha kukalia, ambacho kanisa lilinipa mimi nikitengeneze kiwe sadaka yangu. Cha kukalia kipo tayari, bado vanishi tu. Mbao nyekundu ngumu. Mikono ya kuegemea. Zabibu za kuchonga mgongoni. Kipimo cha kiuno nilijipima mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini ningempima nani? Mwalimu mpya hajulikani. Hajulikani kwa wengine, yaani.

Leo Mchungaji ametangaza utaratibu. Wiki nzima kila mtu akae na Injili nyumbani kwake, peke yake, asome tabia za Kristo. Asisome kama anayesoma gazeti. Asome, achague tabia moja, aiishi. Jumapili ijayo yeye na wazee wa kanisa watamtaja mwalimu, na hawatamtafuta aliyesoma sana, watamtafuta aliyefanana kidogo na alichokisoma.

Nikatupa jicho huku na huku kutafuta wapinzani. Sikuona wa kunitisha. Kisha safu ya mbele nikaona kisogo kinene ninachokijua. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Muuza samaki! Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuchagua.

Jioni mke wangu ameuliza kitanda cha mjukuu kimefika wapi. Binti yetu anakuja Alhamisi kukaa nasi mpaka ajifungue mwisho wa mwezi, maana mumewe ni dereva wa malori na maisha yake ni barabarani. Nikamwambia kinakauka. Akasema wiki iliyopita pia kilikuwa kinakauka. Nikamwambia vanishi nzuri haina haraka.

Ukweli ni kwamba kitanda hakijaanza. Mbao zake alizileta shemeji, zawadi yake kwa mtoto wa mpwa wake, akazibeba begani mwenyewe kutoka kiwanda cha mbao. Zilikuwa nzuri mno kwa mtu ambaye hajui hata kukaa. Nikaziazima. Kilicho chini ya turubai karakanani ni kiti. Nikishakuwa mwalimu nitanunua mbao nyingine, na mbao ni mbao.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesoma kabla ya kazi, nimekaa juu ya meza ya kurandia, Injili mapajani, penseli sikioni. Kwanza nikatafuta useremala. Yeye seremala, mimi seremala. Nikajihesabia nusu ya alama hapo hapo. Nikasoma, nikasoma. Kumbe unatajwa kwa kupita tu, tena na watu wa kwao waliokuwa wanamdharau! Hakuna meza. Hakuna mlango. Hakuna hata kigoda. Nimesikitika kwa niaba ya kazi yetu.

Duka la shemeji linatazamana na karakana yangu, barabara katikati. Aliponiona na kitabu akapaza sauti, mikono imo kwenye barafu. Je, nimeshafika pale alipochagua marafiki? Alichagua wavuvi! Je, nimeshafika pale ufukweni, asubuhi, alipowasha makaa? Alichoma nini? Samaki! Na je, kuna mahali popote aliposema, niletee stuli? Wateja wakacheka. Paka wa sokoni, ambaye humfuata shemeji kila aendako kwa sababu ya harufu, alinitazama kama vile naye amecheka. Nikajitia hamnazo, nikapiga randa. Nimeiranda rafu ya watu mpaka imebaki kama kadibodi.

Hata hivyo tabia yangu nimeipata. Unyenyekevu. Mchungaji hasemi mara moja: anayejishusha ndiye atakayekwezwa. Na kuna ule mfano wa karamu. Usikimbilie kiti cha mbele. Kaa nyuma kabisa, mwenye karamu aje akukute huko, akuambie rafiki, sogea mbele. Mbele za watu wote! Nimeurudia mpaka chai ikapoa. Huu ni mpango kamili, umeandikwa waziwazi, na watu wanaupita miaka yote kama hawauoni.

Jumanne, 12 Agosti

Darasa la jioni. Nimekwenda mapema mno ili niwahi benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango, lenye mguu mbovu ambao nimeahidi kuutengeneza tangu zamani. Mguu mbovu ulinifaa. Unyenyekevu juu ya benchi zima si unyenyekevu.

Nilipofika nikamkuta paka mlangoni, amekaa, anachungulia ndani. Nikaingia. Shemeji! Amekaa kwenye benchi langu, mikono magotini, mpole kama maji ya mtungini.

Nikamwambia kwa adabu asogee mbele, yeye ni mkubwa wangu, mimi nimemwoa dada yake, hainipasi kumwacha mkubwa akae na upepo wa mlangoni. Akasema pale panatosha watu wawili, nikae. Nikasema sistahili kukaa pamoja naye, aende mbele. Akasema basi na mimi niende mbele, twende wote. Nikasema aanze yeye. Tukaendelea hivyo kwa kunong'ona, tukibarikiana huku tunasukumana, mpaka mguu mbovu ukasema kwaheri. Benchi likaanguka. Nikatoka nje ili niwe nyuma zaidi ya nyuma. Naye akanifuata! Tumesikiliza darasa kupitia dirishani, mimi, yeye na paka.

Mchungaji alipofunga alituombea. Aliomba kwa ajili ya wanaochelewa ibadani.

Nimerudi nimekasirika. Mke wangu akaniuliza tabia yangu ya wiki ni ipi. Nikamwambia unyenyekevu, na nikafunga mlango kwa kishindo kidogo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata wazo wakati napiga msasa. Kama benchi linagombewa, niende na kiti changu. Tena kifupi! Kujishusha ni neno la wazi, halihitaji tafsiri. Nikachukua kigoda cha kazini, nikapima kwa futikamba, nikakata miguu. Nikakalia. Magoti yakapanda mpaka kifuani. Safi kabisa.

Sikumaliza kufagia vumbi la msumeno, shemeji huyo, anavuka barabara na kigoda chake mkononi, magamba ya samaki yamekikaukia. Aliona kila kitu kutoka dukani kwake. Akasema anataka nikikate kiwe sawa na changu. Sawasawa, akasisitiza. Kisipungue, kisizidi.

Nifanye nini? Mteja ni mteja. Nikakata. Alipovuka kurudi nikakata changu tena kidogo. Bila kukusudia mguu mmoja ukawa mfupi, kigoda kikawa kinacheza. Nikapunguza wa pili. Kikacheza upande mwingine. Nikapunguza wa tatu. Kila seremala anaijua balaa hii na hakuna anayeikwepa. Nikiwa bado nahangaika, shemeji huyo tena na kigoda chake. Kiwe sawa na changu, tafadhali.

Mpaka alasiri hatukuwa na miguu. Mimi nina ubao. Yeye ana ubao. Ubao wangu ni mwembamba zaidi, nimeupitisha randa alipokuwa anamhudumia mteja.

Mke wangu amepita, ameona vipande vya miguu sakafuni. Akauliza kama hiyo ndiyo miguu ya kitanda cha mtoto. Nikamwambia kitanda kinakauka. Akaliangalia turubai, akaniangalia mimi, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hakuna aliyesema uongo, harufu ya vanishi si anaisikia mwenyewe? Na harufu ilikuwepo kweli.

Alhamisi, 14 Agosti

Binti yetu amefika. Amekuwa mkubwa mbele kuliko nilivyotarajia, anatembea ameshika kiuno. Alinikumbatia kwa ubavu, maana mbele hapafikiki. Nikafurahi mpaka nikasahau cheo kwa muda. Akaomba kukiona kitanda. Mama yake akajibu kabla yangu: kinakauka. Binti akasema afadhali, asingependa mtoto alale kwenye harufu, na kwamba alimwambia mumewe, kitanda usiwe na wasiwasi, baba yangu ni fundi. Nilikwenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Nikasoma kidogo ili nitulie. Nimefika pale wanafunzi wake wanapogombana njiani, nani kati yao ni mkubwa. Watu wazima! Wanatembea naye, wanakula naye, wanamwona uso kwa uso, na bado wanagombea ukubwa. Niliwacheka mwenyewe. Angalau mimi na shemeji tunagombea udogo. Kinachonishangaza ni kwamba hakuwafukuza. Aliketi, akawaita, akachukua mtoto mdogo akamweka katikati yao. Sikuelewa mtoto anahusikaje. Nikafunua ukurasa.

Darasa la jioni nilikwenda na ubao kwapani. Nikaketi sakafuni nyuma kabisa. Shemeji akaja akaweka ubao wake kando ya wangu, bega kwa bega, akanipa karanga. Nikakataa. Kisha nikachukua. Mama mmoja wa kwaya hakutuona huko chini, akatukanyaga wote wawili kwa mpigo mmoja. Hatukulalamika, kila mmoja akingoja mwenzake alalamike kwanza.

Wakati wa kufunga Mchungaji alitutazama kwa huruma nyingi. Aliwaombea wenye maradhi ya mgongo.

Ijumaa, 15 Agosti

Wazo la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote. Kutawadha miguu! Yeye alichukua maji na taulo akawaosha miguu wanafunzi wake, na yeye ndiye mkuu wao. Ukimwosha mtu miguu hadharani, mshindani wako amekwisha. Hawezi kuwa chini ya mtu anayemwosha miguu. Haiwezekani kwa hesabu yoyote.

Nikangoja saa ya watu wengi dukani. Nikavuka barabara na beseni, taulo begani. Nikapiga magoti kwenye maji ya barafu. Nikatangaza kwa sauti ya kadiri, si ya kupaza sana, kwamba nimekuja kumwosha shemeji yangu miguu. Wateja wakasogea. Hata muuza nyanya wa jirani akasimama juu ya kreti ili aone.

Nilidhani atakataa, nami nimsihi, tuvutane. Hakukataa. Akavua mabuti ya mpira, akakaa juu ya ndoo, akaninyooshea miguu.

Sikujua kwamba mtu mzima wa kiasi kile anatekenyeka. Nilipogusa unyayo akapiga ukelele, akarusha teke, beseni likaruka, maji yakanimwagikia mimi, na dagaa wa mteja wakaenda na maji. Paka alisherehekea. Watu walicheka mpaka wakashikana.

Nikajikaza kisabuni. Nikajaza beseni tena, nikamshika kwa nguvu kifundoni. Ndipo nikaiona miguu yenyewe. Imepasuka pasuka kwa chumvi na barafu. Na kidole gumba cha kulia, ukucha wote mweusi. Nikamwuliza kimefanya nini. Akasema si kitu, ni ule ubao mmoja wa kitanda cha mtoto, ulimponyoka begani siku ile. Akasema kinapoa.

Nikasugua. Nikasugua vizuri kuliko nilivyokusudia, katikati ya vidole, taratibu, na nikasahau kutazama nani anatazama. Nikampangusa kwa taulo.

Kisha akasema sasa ni zamu yangu, nivue viatu anioshe na mimi. Nikakimbia na beseni langu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mtoto amezaliwa! Hakungoja mwisho wa mwezi wa mtu. Uchungu ulianza alfajiri, wakamkimbiza zahanati, na kabla jua halijawaka sawasawa tukapokea habari. Msichana. Mzima. Analia kama king'ora. Babu! Mimi ni babu! Niliruka, nikajigonga kwenye rafu, nikaruka tena.

Halafu nikakumbuka.

Kabla sijapata pa kujificha mke wangu aliingia karakanani na shemeji. Wamekuja kubeba kitanda, maana mama na mtoto wanarudi nyumbani leo leo. Nikasema bado kinakauka. Mke wangu akashika pembe ya turubai, akalivuta.

Kiti kikasimama pale. Mikono yake miwili. Zabibu zake. Nilikuwa nimekipaka vanishi ya pili na kiling'aa kuliko siku zote, na mimi nilitamani kingekuwa kibaya.

Mke wangu alikizunguka polepole. Akauliza, kwa sauti ya chini, mtoto atalala ameketi? Nikaanza kueleza habari ya cheo, na sadaka, na mbao nyingine nitakazonunua. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Hata yeye unayemsoma alizaliwa akakosa kitanda, akalazwa wanapolishwa ng'ombe. Lakini yule seremala aliyemlea alikuwa safarini, mume wangu. Wewe ulikuwa hapa hapa." Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ningejitetea.

Nikamtazama shemeji. Zile mbao ni zake, bega ni lake, ukucha ni wake. Nilingoja anitukane, na nilikuwa na haki ya kutukanwa. Hakushangaa hata kidogo. Sijui kwa nini hakushangaa. Alikunja mikono ya shati, akachukua msumeno ukutani, akaninyooshea upande wa mpini. Akauliza tuanzie wapi.

Tukakifungua chote. Uongo hauna faida hapa: iliniuma. Kila kiungo nilikijua kwa jina. Mgongo wenye zabibu ukawa upande wa kichwani. Mikono ya kuegemea ikawa maegemeo ya pembeni, laini tayari, hayana pa kumkwaruza mtoto. Kikalio tulikipasua kikawa chaga. Shemeji anashika ubao kama anavyoshika samaki aliye hai, kila nikipiga msumari unaruka. Alijigonga kidole kingine. Tulicheka kama vijana. Vanishi ile tuliikwangua kwa msasa, nikapangusa kwa mafuta ya kula ili harufu isimdhuru. Alasiri tukakibeba hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, paka katikati.

Mtoto amelazwa ndani. Ni mdogo mno. Tukasimama kukizunguka kitanda wote, mke wangu, binti, shemeji na mimi, mtoto katikati. Alinishika kidole kimoja. Nilifikiri nitaondoka mapema nikasome. Sikuondoka.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika kabla sijavua nguo za kanisani.

Nilikwenda kanisani na ubao wangu kwapani, nikakaa sakafuni nyuma kabisa. Safari hii sikuwa na mpango sana. Nilikuwa na aibu, na aibu pia hupenda viti vya nyuma. Shemeji akaja, akaweka ubao wake pembeni. Ibada ilikuwa ndefu.

Ukafika wakati wa matangazo. Mchungaji akauliza kiti cha mwalimu kiko wapi, kilikuwa kiletwe leo. Mke wangu, safu ya kati, hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yananitazama. Nikafungua mdomo. Shemeji akawahi. Alisimama akasema kiti kilikuwa tayari, kizuri ajabu, ila kimeitwa kwenye kazi ya haraka zaidi, na hivi tunavyosema kuna mtoto wa siku moja amelala ndani yake. Basi. Hakuongeza habari ya mbao ni za nani.

Watu wakaguna kwa upendo. Mchungaji akaguswa. Na hapo, mbele ya kanisa lote, akaninyooshea mkono akasema: "Rafiki yangu seremala, sogea huku mbele!"

Maneno yale yale! Neno kwa neno! Mpango umetimia! Nikainuka.

Sikuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ibada nzima juu ya ubao mwembamba kama karatasi, nilioupunguza mwenyewe kwa randa, na sasa kutoka kiunoni kwenda chini sikuwa na kitu. Nikajaribu tena. Nikaanguka kifudifudi. Nikajaribu kutambaa, nikaangukia viatu vya yule mama wa kwaya. Nilikuwa nimejishusha mpaka nimekosa wa kunikweza.

Ndipo nikahisi mkono chini ya kwapa. Shemeji aliniinua, akaniweka begani kama alivyobeba zile mbao, akanitembeza mpaka mbele huku anachechemea kwa ajili ya kidole chake, akaniketisha kwenye ngazi ya mimbari. Kisha akaketi kando yangu, kwenye ngazi ile ile.

Mchungaji akamwuliza shemeji wiki hii alichagua tabia gani. Shemeji akaona haya, muuza samaki mzima na sauti yake ile. Akasema yeye si msomaji mzuri, hakumaliza kurasa nyingi. Aliona tu kwamba yule aliyekuwa juu hakuwaita watu wapande, alishuka akakaa nao walipokuwa. Akaona ajaribu. Akasema, "Nikajiambia, shemeji yangu akikaa nyuma, nakaa naye nyuma. Akikaa chini, nakaa naye chini. Nilimwomba anikatie kiti kiwe sawa na chake."

Kanisa likasema amina. Mke wangu alikuwa analia. Mimi pia nilitokwa na machozi, nadhani ilikuwa ganzi inaachia.

Mwalimu mpya ni shemeji. Ameomba mimi niwe msaidizi wake, na wazee wakakubali, kwa sauti ambayo haikuwa na haraka.

Njiani nikamwuliza aliwezaje kutoshangaa jana. Akacheka. Duka lake si linatazamana na karakana yangu? Aliziona mbao zake zinageuka kiti tangu ubao wa kwanza. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja nimalize kukauka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nampenda yule mtu, sikatai. Lakini nadhani ilikuwa mbinu.

Jumanne, 19 Agosti

Mjukuu amelala vizuri. Amepata jina la bibi yake, na amekwisha kutapika juu ya zabibu zangu. Mke wangu amenipa tena nyama kubwa kwenye sahani, kwa hiyo tumepatana.

Asubuhi shemeji alivuka na mbao begani. Anataka meza mpya ya kukatia samaki, ile ya zamani imeoza miguu. Hana haraka, akasema, ila isipite mwisho wa mwezi. Nikamsaidia kuzishusha ili zisimwangukie kidole. Mbao ngumu, kavu, zimenyooka kama sala. Kwa samaki!

Nilipobaki peke yangu nikasoma kidogo. Nikawaza. Mwalimu atahitaji kiti, hilo kila mtu analiona. Lakini hakuna anayemfikiria msaidizi. Msaidizi naye ana mgongo. Nimeazimia kuwa msaidizi mnyenyekevu kuliko wasaidizi wote waliowahi kutokea, na ili watu wauone unyenyekevu huo kutoka safu zote, kiti chake lazima kiwe cha juu kidogo. Chenye mikono. Pengine na samaki wa kuchonga mgongoni, kumpa heshima shemeji. Nimejipima kiuno. Kimeongezeka.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Turubai nimelitundika mlangoni, upande unaotazama barabara.

Jioni shemeji alipaza sauti kutoka ng'ambo, kwenye barafu yake, akauliza meza imefika wapi. Nikatoa kichwa pembeni ya turubai, nikamwambia inakauka.

Alicheka mpaka akakaa chini. Sijui alichocheka.